Jioni Utachukua

Mama Mashuka, jirani wa ukuta kwa ukuta, anasema aliona kwa macho yake mawili, na siku hiyo hakuwa na homa wala usingizi. Alikuwa posta, wa nne kwenye foleni, na mbele yake alisimama Mzee Geti na lile koti lake la kijivu. Alipofika dirishani karani akadai kitambulisho. Mzee Geti akaanza kujipekua. Mfuko wa kushoto ukatoa leso, funguo, na miwani iliyovunjika mkono mmoja. Mfuko wa kulia ukatoa kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, akakiweka kaunta. Halafu akamtoa binti yake, naye amekunjwa, akamlaza kando ya kisu. Kitambulisho kilikuwa chini kabisa. Karani akakitazama, akagonga mhuri, akasema, "Mzee, ondoa vitu vyako hapa, kuna watu nyuma."

Mama Mashuka aliisimulia habari hii bombani, ndoo yake imeshajaa na maji yanamwagika. Waliomsikiliza hawakubishana naye juu ya binti. Walibishana juu ya foleni, maana mmoja wao naye alikuwa posta asubuhi ile, na kwa hesabu yake Mama Mashuka alikuwa wa sita.

Binti mwenyewe, ambaye kwao walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alikuwa upande wa pili wa ukuta akianua nguo, na alisikia yote. Habari ilikuwa ya kweli isipokuwa mahali pamoja. Mama Mashuka alisema binti alikuwa amelala. Hakuwa amelala. Mtu akikunjwa uso wake unakutana na magoti, na anayemtazama juu juu atadhani usingizi. Kitinda alikuwa macho. Aliuona wino wa mhuri, aliona kucha za karani zimebanduka rangi, na aliona mlango wa posta uko wazi pande zote mbili.

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili, meza moja, na visu mia moja na kumi na viwili. Visu vilikaa katika sanduku la mbao lenye trei saba, kila kisu na kitanda chake cha kitambaa cha kijani. Mipini ilikuwa ya pembe, ya mfupa, ya mbao nyeusi, mingine ya shaba iliyolika kwa kushikwa. Lakini vyote vilikuwa vya namna moja: vya kukunja, vyenye kufuli mgongoni. Unauvuta ubapa kwa ukucha, unazunguka, unafika mwisho, unalia *ka*. Ukishalia hivyo haukunjiki tena, hata uulalie, mpaka ubonyeze kwa kidole gumba kile kipande cha chuma kilichoko mgongoni mwa mpini. Mzee Geti hakutaka visu vya namna nyingine. Alisema kisu kisicho na kufuli ni sawa na mtu asiye na neno.

Hakununua hata kimoja. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye geti la kiwanda cha magunia, zamu ya asubuhi, akiwapekua wafanyakazi. Amri ya kiwanda ilisema kisu hakiingii. Lakini kazi ya magunia ni kamba, na kamba haikatwi kwa meno, kwa hiyo kila mfanyakazi mpya alikuja na kisu chake mfukoni, na kila mmoja alipokonywa getini kwa upole kabisa. "Jioni utachukua," Mzee Geti alimwambia. Jioni zamu ilikuwa ya mlinzi mwingine, na mlinzi wa jioni hakujua habari ya kisu chochote.

Watu waliponung'unika, Mzee Geti hakukasirika. "Mimi sijasema uongo," alisema. "Sikutaja jioni ipi."

Kila Jumamosi Kitinda alivipaka visu mafuta ya cherehani. Tone moja kwenye bawaba, tone moja kwenye kufuli, fungua, funga, futa, rudisha kitandani. Kazi hiyo ilianza saa tatu asubuhi ikaisha alasiri, na Mzee Geti aliisikiliza kutoka kwenye kiti chake. Kiti kilikaa mlangoni, kimegeuzwa ubavu, kama kilivyokaa getini, hivi kwamba aliyetoka na aliyeingia wote walipita chini ya mkono wake.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alikuja Mzee Fundo. Huyu alikuwa mfunga magunia kiwandani, na vidole vyake vilibaki vimepinda kama bado vimeshika uzi. Kile kisu chenye mpini wa pembe kilikuwa chake.

"Hodi humu."

"Karibu. Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Nimekuja kumwona wangu. Anakula vizuri?"

"Anakula mafuta kuliko wewe."

Kitinda alimletea kisu juu ya kitambaa, na chai. Mzee Fundo alikifungua, akafumba macho kusikiliza *ka*, akatabasamu. Alikigeuza, akapapasa herufi mbili alizozichora mwenyewe kwa msumari enzi za ujana wake.

"Geti, ndugu yangu. Mwaka huu nipe. Nina kamba ya mbuzi nataka kuikata, basi."

"Kamba ya mbuzi ifungue kwa mkono."

"Mkono gani? Huu?" Akainua vile vidole.

"Hiki hakijakata kitu tangu kiingie nyumba hii. Ndiyo maana kiko kama siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza kilikuwa kinakata."

"Jioni, Fundo. Jioni."

Mzee Fundo alimaliza chai yake, akashukuru, akaondoka jua lingali juu, kwa kuwa macho yake hayakumsaidia tena giza likianza kuingia.

Mama yake Kitinda naye alikuwa wa mfukoni. Alikaa humo miaka kumi na minne, na Mzee Geti hakuwahi kumpandishia sauti. Lakini visu vina kona, na kona hutoboa. Siku moja sokoni mfuko ulitoboka, mama akadondoka kati ya mafungu ya vitunguu, na kule kuanguka kukamfungua. Alisimama, akajikung'uta maganda, akauliza njia ya kutokea ni ipi, akaonyeshwa. Mzee Geti alibaki sokoni akiinamia meza moja baada ya nyingine mpaka wafagiaji wakafika, na hata wao aliwaomba wafagie polepole. Usiku huo alikaa na koti magotini, kidole kimetokeza kwenye tundu. Kesho yake alilipeleka kwa Mama Mashuka, akaomba mfuko wa kulia utiwe turubai ndani, mshono mara mbili. Mama Mashuka aliifanya kazi hiyo kwa siku moja, na aliifanya vizuri. Mama yake Kitinda alituma salamu mara mbili kupitia watu. Zilikuwa za Kitinda peke yake.

Kitinda alikunjwa mara ya kwanza siku alipoleta matokeo ya darasa la saba. Alikuwa wa pili shule nzima, na barua ilisema ameitwa sekondari, ya bweni. Baba yake aliisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Akasema, "Vyema, mwanangu," akamgusa mgongoni kumpongeza, chini kidogo ya mbavu, na kidole gumba kikazama mahali. Kufuli likalegea kwa mlio mdogo, Kitinda akakunjika. Alikuwa wa kuenea kiganjani, shibiri moja na vidole viwili. Wala baba wala binti hakushangaa, kwani wote wawili walikuwa wameishi na sauti hiyo miaka mingi. Kisu hakiachwi ovyo mezani. Mzee Geti akamtia mfukoni pamoja na barua.

"Na shule, baba?" Kitinda aliuliza kutoka mle ndani.

"Jioni tutazungumza."

Ilikuwa miaka minne iliyopita. Barua ilikuwa bado mle mfukoni, imelainika kama kitambaa, na Kitinda aliilalia.

Siku zilikuwa na utaratibu. Nyumbani alifunguliwa, apike, afue, apake mafuta. Mzee akitaka kutoka, alikunjwa, kwa sababu nyumba haiachwi na msichana peke yake na msichana haachwi na nyumba peke yake. Mlango haukuwa na kufuli. Ila ili kuufikia ulipita kiti, na aliyepita kiti alipita kidole gumba. Kitinda aliujua mji wote kwa masikio. Alijua fundi baiskeli wa kona ameongeza mwanafunzi, maana nyundo zilikuwa mbili. Alijua wenzake waliomaliza naye darasa la saba walipokutana na baba yake njiani, wakamwamkia, wakauliza, "Kitinda hajambo?" na baba akajipigapiga mfuko na kujibu, "Hajambo, yupo." Nao wakasema mpe salamu, wakaenda zao, na viatu vyao vilikuwa na visigino.

Mama Mashuka alikuwa na karakana ya kushona mashuka na mapazia, cherehani tatu, wasichana watatu. Asubuhi moja Mzee Geti alipokuwa bafuni, aliegemea ukuta akaita.

"We Kitinda, umekunjika au umekunjuka?"

"Nimesimama, mama."

"Sikia. Yule wangu wa cherehani ya tatu anaolewa. Mwisho wa mwezi anaondoka. Wewe mikono yako naijua, umekaa na vitu vidogo vidogo miaka yote. Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa mbili kamili, njoo ukae."

"Na baba?"

"Mimi baba yako sikumwoa. Wewe njoo. Ila mwanangu, uje umesimama, kwa miguu yako. Ukiletwa mfukoni wasichana wangu watacheka, na cherehani haiendeshwi na mtu aliyekunjwa. Saa mbili na robo nampa mwingine. Wako wawili wananisumbua kila siku."

Maji yakakatika bafuni. Mama Mashuka akatoa kichwa chake ukutani.

Kitinda aliwaza siku tatu. Alikuwa mtu wa kutazama kabla ya kushika. Alikumbuka visu vilivyokuja nyumbani vikiwa vimeliwa na kutu, jinsi baba alivyohangaika navyo, na jinsi kufuli lililoshika kutu lilivyokataa kidole. Basi mgongo ukipata kutu, kidole gumba kitabonyeza bure. Hatakunjika tena. Atapita pale kwenye kiti kama mtu yeyote.

Jumamosi zote, vikiisha visu, ilikuwa zamu yake. Zamani baba ndiye aliyemtia tone mgongoni, lakini macho yalishapungua, akawa anamwachia ajipake mwenyewe. Jumamosi ile Kitinda alichovya kidole kwenye maji ya chumvi. Sehemu yake ya mafuta akavipa visu. Akafanya hivyo Jumamosi nne, mpaka chupa ikaisha kabla ya wakati wake, na visu vikawa laini hata ukiviinua vinajifungua vyenyewe. Chini ya mbavu zake pakaanza kukwaruza. Wiki ya nne Mzee Geti alihitaji vidole gumba viwili.

"Umekuwa mgumu siku hizi."

"Baridi, baba."

"Hata mama yako alianza hivi hivi," akasema, akaendelea kubonyeza mpaka Kitinda akakunjika.

Jumapili, siku moja kabla, Mzee Geti alikwenda kumjulia hali mgonjwa ng'ambo ya mji. Wakati wa kurudi mvua iliwanyea njia nzima. Turubai ikalowa, na mle ndani Kitinda alilala kwenye maji pamoja na kisu cha pembe na ile barua. Hapo ndipo alipokumbuka kitu ambacho alikijua tangu utoto, na ambacho mtu mwingine yeyote asingekuwa na haja ya kukijua. Visu vyote vyenye kutu alivyowahi kuviona vilikuwa vimeganda vikiwa vimefungwa. Kutu hukishika kitu mahali kinapolala. Na yeye kwa siku alilala zaidi kuliko alivyosimama.

Walipofika nyumbani baba alitia ukucha ili amfungue apike. Hakufunguka. Alijaribu kwa kijiko. Alimshika huku na huku kwa kitambaa, taratibu, kama anavyoshika vyote, akamsogeza karibu na jiko apate joto. Hakufunguka. Akainua chupa ya mafuta, akaitikisa, ilikuwa tupu.

"Umeumia?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Tutaangalia asubuhi."

Alikula mkate mkavu. Kabla ya kulala alimlaza Kitinda sandukuni, kwenye trei ya kwanza, juu ya kitambaa cha kijani, kwa sababu koti lilikuwa limelowa.

Mafuta ya cherehani mtaa ule yalipatikana mahali pamoja. Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Mzee Geti aliingia kwa Mama Mashuka, koti kwenye mkono mmoja, binti kwenye mkono wa pili. Mbili kati ya cherehani zilikuwa zinakimbia. Ya tatu ilikuwa wazi, imefunikwa kitambaa, na kiti chake kimesukumwa chini ya meza.

Mama Mashuka akatazama saa, kisha akatazama mkono wa mzee.

"Nilisema aje amesimama," akasema.

"Ulimwambia nani?" Mzee Geti akauliza.

"Nilikuwa najisemea."

Msichana wa cherehani ya kwanza akacheka puani. Mama Mashuka akamtazama, cheko likarudi lilikotoka. Akamweka Kitinda juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki, akamtia matone matatu mgongoni. Mafuta yana mwendo wake, hayasukumwi. Wakangoja. Wasichana walimaliza shuka moja na kuanza la pili. Halafu Mama Mashuka akashika huku, akavuta kule, kidogo kidogo, na vumbi jekundu likadondoka mezani. *Ka*. Kitinda akawa amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia, gauni lina madoa ya kutu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Saa mbili na dakika kumi na moja. Shuka mezani kwangu."

Akashuka. Akaiendea cherehani ya tatu, akaifunua, akavuta kiti, akakaa. Hakuna aliyemwambia akae na hakuna aliyemwambia asikae. Mzee Geti alitazama pale alipokaa, kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake kwenye dirisha la duka.

"Na huu mfuko," akamwambia Mama Mashuka, akiinua koti, "mvua imeulegeza. Tazama, kidole kinapita."

Mama Mashuka akalipokea. Akapitisha kidole, kikapita kweli. Akakaa nacho hivyo kitambo, kidole ndani ya tundu, akimtazama Kitinda. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayenyanyua ndoo.

"Kwangu mtu haajiriwi kwa maneno," akasema. "Mshono wa kwanza ndio unaosema. Ukiwa mbaya, nampa cherehani mwingine, sijali mtoto wa nani. Kazi iliyopo ni hii." Akaliweka koti mbele ya Kitinda.

Cherehani mbili zikasimama. Wasichana walitaka kuona.

Kitinda akakitoa kisu cha pembe, akageuza mfuko nje. Akaitoa ile barua, ilikuwa imeshakuwa uji wa karatasi, hakuna herufi iliyosomeka, akaiweka kando. Akatunga uzi mara ya kwanza bila kulamba. Mle ndani alipajua kuliko fundi yeyote: alijua turubai ilipochoka, alijua kona ya kisu inapokaa, alijua tundu lingekuja kutokea wapi tena baada ya mwaka mmoja. Mshono ukiacha nafasi ya vidole viwili pale pale, hakuna ambaye angeona leo. Lakini Mama Mashuka angeona. Mama Mashuka alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kiuno.

Akashona. Mara ya kwanza kuzunguka, mara ya pili juu ya ile ya kwanza, na kwenye kona akarudi nyuma mara tatu. Akakata uzi.

Mama Mashuka akauvuta mfuko kwa mikono miwili. Akaugeuza, akaupeleka kwenye mwanga. "Huu hautoboki," akasema polepole. "Huu hata mimi nisingeushona hivi." Akamtazama Mzee Geti. "Binti yako ana kazi kwangu, kama anaitaka."

Mzee Geti akalipokea koti lake. Akalivaa. Akatia mkono mfukoni, akasukuma kila kona, akaridhika. Akakirudisha humo kisu cha pembe. Kisha akaja akasimama nyuma ya kiti cha cherehani ya tatu, na Kitinda akakisikia kidole gumba kikitua chini ya mbavu zake, mahali pale palipotoka kutiwa mafuta, palipokuwa laini kuliko siku yoyote.

"Twende, mwanangu."

Kitinda hakugeuka. Alikuwa ameshavuta shuka la kwanza kwenye fungu, ameshakunja pindo, ameshalisogeza chini ya sindano.

"Baba," akasema, "niache hapa mpaka jioni. Jioni utanichukua."

Cherehani mbili zikaanza tena kukimbia. Mama Mashuka akaokota chaki sakafuni, akawa anaifuta. Kidole gumba kilikuwa pale pale. Hakikubonyeza, hakikuondoka.